Tanuri la Mnadani

Eluned alilinunua pauni arobaini,
mali ya maabara iliyofungwa kule Swansea:
mlango umepinda, koili imekatika,
na ndani, kwenye tofali jeupe,
duara jeusi la kikombe
cha mtu asiyemjua.

Gereji ni barafu. Mumewe anauliza
kama watu wa bima wana habari.

Anazungusha waya mpya
kwenye sindano ya kufumia,
pindo kwa pindo, anahesabu kwa Kiwelisi.
Fyuzi inaruka. Giza nyumba nzima.
“Koleo tu hilo,” anasema, “uhunzi bado upo.”

Saa nane usiku mshale wapita mia tisa.
Anachungulia kwenye tundu:
lile duara, alilolisugua kwa msasa likakataa,
linang’aa kuliko tofali lote.

Halizimi. Bado kidogo.