Maelekezo kwa Mutashobya, Anayekuja Ijumaa

Basi likivuka Mutukula usilale.
Badili hela kidogo tu, za chai na choo,
na noti ya elfu hamsini isikupandishe mabega:
huku hata maskini anahesabu kwa maelfu.

Ukishuka, inua macho kwanza.
Juu ya nguzo za taa utawaona kongoti
wamesimama na makoti yao ya kijivu, vipara wazi,
kama mahakimu waliofukuzwa kazi
wakaendelea kuja ofisini.
Usisimame chini yao. Sababu utaiona mwenyewe.

Kiswahili chako kifunge kwenye leso.
Si kwamba hawakijui. Wazee wanakijua vizuri mno,
walikisikia usiku, mlangoni, kimevaa buti.
Mwuza ndizi ukimwamkia kwa Kiswahili
atakupisha kama anayempisha askari.
Wewe nyosha Kihaya chako, kipinde kidogo mwishoni,
utaitwa "sebo" na bei itashuka.

Jioni nenda Wandegeya.
Mwambie kijana wa chapati akupigie roleksi ya mayai mawili,
kabichi na nyanya, aikunje kwenye gazeti.
Kula umesimama. Anayeomba kiti na sahani hajaila.

Kasubi usiikose, walikolala wafalme.
Mwombe mlinzi akuonyeshe vazi la gome:
mti uliopondwa kwa nyundo hadi ukakubali kuwa nguo.
Mteja aliwahi kuniletea kipande nikitie pindo.
Nilikishika kutwa nzima, Mutashobya. Hakina uzi.
Cherehani yangu iliona haya,
nikamrudishia kilivyo, bila kumtoza.

Ukipata nafasi fika Ggaba, ukalione ziwa.
Ndiyo, lilelile. Huku wanaliita Nalubaale,
nyumbani Lweru, kwenye ramani jina la mwanamke mgeni.
Weka mkono majini. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza,
nikawaza: maji haya yakitaka,
yatamfikia mama kabla ya barua yangu.

Lakini la Jumamosi ndilo kubwa.
Panda mnara wa msikiti, pale Kampala ya Zamani.
Lipa, vua viatu, mfuate kiongozi.
Ngazi ni nyingi: mteja mmoja kanihesabia mia tatu na nne,
mwingine mia tatu na sita,
wa tatu aliacha kuhesabu akaanza kuomba dua.
Juu, wanasema, vilima vyote vimekaa kama wageni sebuleni,
magoti yakigusana,
na kila barabara inakiri inakotoka.

Wanasema. Mimi sijapanda.

Miaka kumi na mmoja mnara ule unanitazama dirishani.
Kila Jumamosi kuna binti anamtambulisha mchumba kwao,
na shangazi zake sita wanataka gomesi kabla ya saa nne,
mabega yachongoke, mkanda ung'ae.
Roleksi nimekula, ziwa nimelishika.
Mengine yote niliyokuandikia
nimeyasikia nikiwa nimepiga magoti, pini mdomoni,
napima pindo za waliotoka kuyaona.

Basi fanya hivi. Ukifika juu itafute Kiyembe:
bati jekundu lililopauka, ubavuni mwa tangi jeusi.
Saa nne na nusu nitaiacha mashine,
nipande ghorofani kwenye kamba za nguo
nipeperushe kipande cha satini ya manjano
kilichobaki kwenye gomesi ya Bi Nantongo.

Ukikiona, shuka uniambie.
Usipokiona, shuka uniambie vilevile.
Usinipambie.

Na mama akikupa senene, wafunge mara mbili.
Wa Masaka wanauzwa hapa kila kona,
nimewajaribu.
Wana chumvi tu.