Matundu Saba

Jumapili, bwawa la kiwanda cha mkonge, Pongwe.
Maji ya kijani, kina chake magotini.
Semboja fundi friji ameleta manowari yake:
miezi minane ya mbao nyembamba na gundi,
mizinga inayopumua gesi
na kutema gololi za baiskeli.
Yangu ni mbovu kidogo,
pampu yake ilikuwa ya kuoshea kioo cha gari.

"Miwani machoni!" anafoka Zawena, mwamuzi.
Tunavaa, watu wazima wanne,
kama wachomelea vyuma waliopotea njia.

Tak. Tak-tak.
Ubavu wangu unatoboka,
nayahesabu matundu
kama mama anavyohesabu vipele vya surua.
Saba.
Pampu inakohoa. Rimoti inatetemeka, au ni mkono.
Meli inalala upande,
kisha povu,
kisha kizibo chekundu cha chupa, kikielea juu ya uzi wake,
kaburi linalojionyesha.

Semboja haringi.
Anakunja suruali, anatangulia majini,
anaivuta, anaipakata,
inamlowesha shati la kanisani.
"Hapa ulipaka rangi vizuri," ananiambia,
kidole chake kikiziba
tundu alilolitoboa mwenyewe.