Birika la Bi Time

Kinanda nilikinunua kwa Asaa, fundi wa redio hapa Wete.
Vitufe viwili havisemi, cha tatu chajisemea chenyewe.
Sauti yake safi, sikatai,
lakini kavu. Kavu kama makopa.

Nikakiunga kisanduku cha mwangwi, cha kukopa.
Kikanguruma, kikanuka lehemu, kikafa.
"Hicho kinataka umeme wa kwao," kasema Asaa,
akarudi kwenye chai yake.

Basi usiku nikateremsha spika kwa kamba ya ndoo
ndani ya birika la bibi, huko uani,
lisilo maji tangu mfereji ulipoletwa.
Maikrofoni nikaivika leso, nikaining'iniza mdomoni pake.
Nikabonyeza noti moja.

Ikashuka.
Ikagusa chokaa, ikazunguka kuta, ikakaa kidogo chini
kama mtu atafutaye kitu alichokiangusha zamani,
ndipo ikapanda, imerowa,
na maji hamna.

Bi Time akatoka na tochi ya simu.
"Nani kaingia birikani?"
"Sauti tu, bibi."
Akainama, akasikiliza, kanga ikamteleza begani.
"Hebu mrudishe tena huyo."

Nikabonyeza. Nikabonyeza mpaka adhana ya alfajiri ikaninyamazisha.

Kwenye rekodi, baina ya noti ya nne na ya tano,
kuna kikohozi chake.
Nimejaribu kukifuta.
Kila nikikitoa
kinanda chakauka tena.