Mchanga Kwenye Dagaa

Saa moja asubuhi redio ya Lutonja,
ile iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli juu ya mzani,
ilisoma tamko. Mwaloni hakunyamaza mtu.
Wapakuzi walipakua, mawakala waligombea magunia,
ila kopo langu la dagaa likabaki hewani.

*Serikali inafuatilia kwa karibu.*

Karibu ya wapi? Bulugu ana siku ya kumi na moja
na lori la dagaa wa Ukerewe, kwenye mji
ambao jana niliuona kwenye simu ya jirani
ukiwaka duka kwa duka, moshi wa matairi
mzito kama ugali.
Ujumbe wake wa mwisho: *Wamefunga daraja. Chaji nne.*

*Inazisihi pande zote zijizuie.*

Pande zote. Bulugu ni upande gani?
Ana usukani, ana madeni Kirumba nzima,
ana shati la kijani nililomkataza
maana kule, wanasema, kijani sasa ni chama.

Miaka tisa nanunua dagaa; najua mchanga
unavyotiwa chini ya gunia kuongeza uzito.
Nikalichekecha lile tamko:
*kusikitishwa* kukadondoka,
*udugu wa kihistoria* ukadondoka,
*hadi sasa hakuna raia wetu aliyedhurika*,
hapo mkono ukasita,
maana *hadi sasa* ni mlango usio na komeo.
Kwenye chekeche ikabaki namba ya simu.

Nikapiga. Mara ya sita akapokea kijana
mwenye mafua. Akauliza namba ya lori
herufi moja moja; nikasikia kalamu yake
ikigoma, akiipuliza, akianza upya.
Nikamuuliza: mbona mnasema kinyonge hivi,
kama mnaomba chumvi?
Akakaa kimya. Halafu: "Mama,
mwanao akiwa amelala kwa jirani mlevi,
hubishi hodi kwa teke."

Sikumjibu. Nilitaka kumchukia, sikuweza.
Niliweza, kidogo.
Ziwa lilikuwa limetulia, magugu yamejaa
mpaka kwenye ngazi za gati.

Redio ikahamia kwenye vifo, kisha bei ya pamba.
Nikamimina kopo. Lutonja akausoma mzani.
"Pungufu," akasema. "Ongeza, shemeji.
Bado.
Ongeza."