Ng'ombe wa Rambo

Jaribio la kwanza liliungua.
Pasi ya mkaa haina huruma na nailoni:
nilisahau gazeti kati ya chuma na mfuko,
harufu ikavuka ukuta,
na mama akauliza nani anachoma kandambili mchana huu.

Jaribio la pili lilikuwa mbwa.
Nilimpuliza kwa mdomo hadi nikaona nyota,
akavimba kichwa, miguu ikagoma.
Bitaliho wa mlango wa pili akamzunguka mara moja:
"Dada, huyo si mbwa. Huyo ni mfuko wenye masikio."
Alisema kweli. Nikamtoboa.

Mifuko yenyewe ilikuwa uvunguni mwa kitanda cha baba,
marobota matatu na nusu,
tangu mwezi ule wa sita rambo ilipopigwa marufuku
na kibanda chake pale soko la Mwanga
kikalala duka, kikaamka kesi.
Mtaji ulikuwa ng'ombe wawili wa Kasulu.
Hakulia. Alisukuma marobota gizani kwa mguu,
akaanza kuuza vocha,
akaacha kabisa kusimulia bei.

Nilichukua kidogo kidogo,
kama panya mwenye adabu.

La tano, la sita, sikuhesabu tena.
Nilijifunza: gazeti mara mbili, si mara moja;
pasi ipite, isitue;
palipokwisha kushikana usiparudie.
Nilijifunza kwamba povu la sabuni huonyesha tundu
ambalo jicho linaapa halipo.
Pampu ya baiskeli inachosha.
Mapafu yanachosha zaidi.

Ndipo nikamkumbuka Ntibashima wa mashine ya kukoboa,
na lile bomba nyuma ya banda
linalotema upepo na pumba kutwa nzima
bila kumtemea mtu.
"Nikopeshe pumzi," nikamwambia.
Alicheka hadi unga ukamdondoka nyusini.
"Chukua. Hiyo siilipii kodi."

Jumamosi nikafunga kipande cha chandarua mdomoni mwa bomba
pumba zibaki nje,
nikalichomeka bomba chini ya mkia.
Mashine ikanguruma.
Likaanza tumbo. Kisha goti. Kisha goti la pili,
kwa uvivu uleule wa ng'ombe wa kweli
anayeamshwa kabla umande haujakauka.
Wanawake wenye ndoo za mahindi wakarudi nyuma hatua tatu,
mmoja akajifunga khanga upya.
Akasimama, buluu na mweupe, mgongo ukagusa paa.
Lakini pembe!
Pembe zilimlalia mashavuni kama nywele zilizolowa.
Na ng'ombe wa Kiha asiye na pembe
ni mbuzi aliyeshiba tu.

Sikujua baba yupo.
Alikuwa kwenye foleni na debe lake,
akalitua, akaja,
akaishika pembe, akaisugua
kwa kidole gumba na cha shahada,
vile alivyokuwa akifungua mfuko mdomo mbele ya mteja,
akainamisha sikio.
"Hii nyepesi. Buluu ni ya nyanya.
Pembe zinataka nyeusi, ile ya kilo tano.
Tena usizichanganye kwenye pasi moja:
nyeusi inachelewa kushika, buluu ina haraka."
Maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja
sikuwa nimeyasikia tangu mwezi ule.

Umeme ukakatika.
Ng'ombe akapiga magoti, akajilaza juu ya magunia
akishusha pumzi ndefu yenye harufu ya pumba.
Watoto wakailaani TANESCO kama watu wazima.
Baba hakusema kitu. Alianza kumkunja:
nusu, robo, akamkamua hewa kwa kiwiko,
akalainisha kingo kwa kiganja
kana kwamba kuna mtu kesho asubuhi
atakuja kuulizia bei ya jumla.

Njiani akaniuliza, bila kugeuka,
nadhani zimebaki nyeusi ngapi kule uvunguni.
Nikasema sijui.
"Mia nne na kumi na mbili," akasema.
"Nilizihesabu juzi usiku."