Mlio wa Ukurasa

Mwalimu Nurten alitufuata hadi kwenye lori,
magodoro na masufuria yameshapakiwa,
akampa Rojbin kitabu kimoja chenye jalada la buluu,
kisha akaniambia mimi, si yeye:
"Likizo ya kiangazi ni ndefu, baba Rojbin.
Herufi ni kama kuku wa kienyeji,
usipowaita jioni watalala kwa jirani."
Nikaitikia, naam, mwalimu.
Sikumwambia kwamba kuku wangu mimi
hawajawahi kuingia bandani.

Malatya, aprikoti. Jua la Julai halina adabu,
linaingia hemani bila hodi.
Kutwa tunapasua matunda, tunatoa kokwa,
tunayaanika kwenye maturubai hadi macho yachoke na rangi ya chungwa,
na vidole vinanata kiasi kwamba
ukishika kitabu, kitabu nacho kinakushika.
Nikaweka sheria: kwanza ndoo ya maji,
kunawa hadi viwiko, kisha kurasa nne.
Nne tu. Hata nikiwa hoi.
Hasa nikiwa hoi.

"Nisomee," namwambia, "mgongo unauma, nipoze."
Uongo kidogo. Mgongo uliuma kweli,
ila dawa yake haikuwa hiyo.
Naye anasoma, taa ya betri inaning'inia kwenye mti wa hema,
Serhat keshalala na kiatu kimoja mguuni,
mama yao anachambua dengu, anajifanya hasikii,
lakini mkono wake unasimama
kila mbuzi wa hadithini anapoukaribia mto.

Mimi sijui kusoma. Masikio ninayo.
Naujua mlio wa ukurasa unapogeuzwa:
kama mtu anayevua shati la pamba gizani.
Nahesabu. Wa kwanza. Wa pili.
Siku akitaka kunipunja, akaruka wa tatu,
nakohoa.
"Umejuaje?"
"Mbuzi alikuwa ng'ambo hii, sasa yuko ng'ambo ile.
Nani kamvusha?"
Anacheka, anarudi nyuma, anamvusha mbuzi.

Agosti tukapanda kaskazini, Ordu,
milima iliyosimama wima, ukungu, mvua isiyo na ratiba,
na findiki, njugu ndogo za mviringo
zinazojificha kwenye majani kama watoto wenye deni dukani.
Msimamizi wetu Yakup akamkuta na kitabu saa ya chai.
"Huyu ndiye waziri wetu, au?"
Watu wakacheka. Nikacheka nami;
daftari la mishahara liko kwapani mwake.
Usiku ule nikaomba kurasa sita.

Ni baada ya hapo, sikumbuki siku gani,
nilipogundua kwamba kurasa hazigeuki.
Sauti inakwenda, hadithi inakwenda,
mbuzi amefika mjini, kaajiriwa kwenye kiwanda cha jibini,
anagombea ujira wake
na msimamizi mmoja mwenye pembe aitwaye Yakup,
wala hakuna mlio. Shati halivuliwi.
Nikakohoa. Akaendelea.
Nikafumbua jicho moja:
kitabu kiko wazi kwenye ukurasa wa mwisho, nusu yake nyeupe,
na macho yake hayapo pale, yako juu,
kwenye turubai lenye viraka,
yanasoma kitu ambacho hakikupakiwa kwenye lori.

Nikalifumba jicho langu.
Mama yao alikuwa ameacha dengu kabisa.

Shule ilifunguliwa, sisi bado tuko mlimani.
Tulipogeuza lori kurudi ilishapita wiki ya pili,
Rojbin juu ya magunia, kitabu kifuani,
jalada limekuwa na ramani ya sukari ya aprikoti.
"Baba, mwalimu akiniuliza nimesoma vitabu vingapi?"
Nikapiga hesabu njia nzima, hadi darajani.
"Mwambie kimoja," nikasema,
"na mbuzi bado hajafika nyumbani."