Swali la Saba

Valparaíso, Julai, baridi ya kuuma vidole.
Meza ya jikoni ina mguu mmoja mfupi.
Nimeutilia kipande cha kadibodi, nikaandika daftarini:
jumla ya kani zote ni sifuri.
Hiyo ni meza. Meza haina taabu.

Swali la saba ndilo lenye taabu.
*Vibehewa viwili vimefungwa kwa kebo moja
juu ya mteremko wa nyuzi thelathini.
Cha juu kina kilo elfu mbili.
Cha chini, elfu mbili mia moja na ishirini.
Puuza msuguano.*

Puuza msuguano!
Mwalimu Riquelme hajapanda kilima chetu asubuhi ya mvua,
reli zikilia kama paka watatu ndani ya gunia moja.
Huo msuguano ndio uliotununulia viatu.
Miaka ishirini na sita mama yuko kibandani kule juu,
mkono wa kulia kwenye breki,
akivitazama vibehewa vikipishana katikati ya njia:
kimoja chekundu, kimoja kilichokuwa chekundu.

Msemo wasema mpanda ngazi hushuka.
Hausemi kwamba huku kwetu
anayeshuka ndiye anayempandisha mwenzake.

Nachora kisanduku. Nachora mshale wa uzani, wima, chini.
Naupasua vipande viwili:
kimoja kinaugandamiza mlima,
cha pili kinataka kwenda baharini, na hakijali nani yumo.
Sini ya thelathini ni nusu.
Naipenda hiyo, haidai kikokotoo.

Kilo elfu mbili huku, elfu mbili kule, zinafutana.
Zinabaki mia moja na ishirini,
nami nazijua kwa sura:
Bwana Eleuterio na mtungi wake wa gesi,
na mjukuu wake Nolberto, aliyekataa kutembea.
Mara kumi. Mara nusu.
Nyutoni mia sita.
Breki ishike kwa mia sita, kebo itulie,
Nolberto aendelee kulamba dirisha.

Sehemu (b).
*Kwa saa nzima vibehewa havikusogea.
Breki imefanya kazi kiasi gani?*

Kazi ni kani mara umbali.
Umbali, sifuri.
Nafuta. Naandika upya, polepole,
kama anayehesabu chenji mbele ya muuza duka asiyemwamini.
Sifuri.

Mlango. Mama anavua glavu kwa meno.
Bega lake la kulia liko chini kuliko la kushoto;
ukiliwekea kadibodi halisawaziki, nimeshawaza.
"Ismenia, umefika wapi?"
Nilitaka kusema nimelala. Nikamsomea.
Nikamsomea hata (b), hata jibu,
macho yangu kwenye daftari.

Akacheka mpaka akakohoa.
"Sifuri? Riquelme amepatia.
Siku kile kibehewa kikisogea shubiri bila ruhusa yangu,
ndipo watakuja na karamu na makarani
kuniuliza nilikuwa nafanya nini.
Hiyo sifuri, mwanangu, ndiyo wanayonilipa.
Kidogo, lakini wananilipa."

Akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili.
Chai ilikuwa ikitetemeka, duara ndani ya duara,
wala hakuna aliyeigusa meza.

Ukurasa wa arobaini na moja unasema nishati haipotei,
hubadili nguo tu.
Basi ziko wapi zile juli za asubuhi ile ya tetemeko,
alipoining'inia breki kwa uzito wake wote
na watu kumi na wawili wakiimba rozari hewani?
Nikajaza chupa maji ya moto,
nikaifunga kwa taulo, nikamwekea begani.
Bega lilikuwa la moto kabla ya chupa.

Nikaandika: (b) 0.
Pembeni, kwa penseli, hafifu, Riquelme asione:
*angalia bega la kulia.*

Swali la nane lina mpira unaodondoshwa kutoka ghorofani.
Nitalifanya kesho.
Yeye ameshasinzia, na kikombe bado kimo mkononi,
nami nimekaa kukilinda kisianguke,
sisogei,
sifanyi kazi yoyote.